Jioni tisa za Berlin kwa asiyejua Kijerumani

Mdogo wangu wa kike alikuja kunitembelea Juni mwaka jana kwa siku tisa. Kijerumani chake kilikuwa neno moja tu, danke, yaani asante, alilojifunza ndani ya ndege. Kiingereza anakimudu vizuri, ndicho anachofanyia kazi. Mimi nilikuwa zamu ya asubuhi kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi. Natoka saa nane na nusu mchana, nafika nyumbani, naoga, najinyoosha kidogo, na saa kumi na mbili jioni tunafunga mlango tunaondoka. Jioni tisa, kila siku sehemu nyingine. Tangu aondoke nimeulizwa sana kwenye kundi letu la WhatsApp: mlikuwa mnakwenda wapi na mgeni lugha haijui? Nimekuwa nikijibu kwa vipande vya sauti, leo nayaandika yote pamoja.

Msimamo wangu nauweka mapema. Mgeni akifika Berlin, kila mtu anamsukuma kwenye foleni za klabu kubwa za muziki wa tekno. Naona huko ni kuanzia mwisho. Ndani ya klabu Kiingereza chako hakina kazi, maana hata Kijerumani chao hakisikiki. Raha kubwa ya mji huu kwa mtu mwenye Kiingereza ni ya kusikia na kuelewa: filamu, tamthilia, vichekesho, maongezi ya benchini na watu usiowajua. Ukishaonja hiyo siku mbili tatu, hata klabu utaingia kama mtu anayejua amefuata nini.

Sinema kwanza, ila kuna herufi lazima uzijue kabla ya kukata tiketi. Wajerumani wana mazoea ya kuitia filamu ya nje sauti za Kijerumani tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo filamu ya Marekani uliyoisubiri miezi sita inaweza kukutoka kwa Kijerumani kitupu. Kwenye ratiba tafuta OV, maana yake filamu iko katika lugha yake ya asili na hakuna maandishi. OmU ni lugha ya asili pamoja na maandishi ya Kijerumani chini. OmeU ni lugha ya asili na maandishi ya Kiingereza. Tofauti ya herufi moja ndogo, e, si ya kupuuza. Mwaka wangu wa kwanza nilikata tiketi ya filamu ya Kifaransa iliyoandikwa OmU nikidhani nimepata. Saa mbili nzima watu wanazungumza Kifaransa, chini wanaandikiwa Kijerumani, na mimi nimekaa katikati sina hata moja kati ya lugha hizo. Filamu ya Kiingereza OmU inakufaa kabisa. Ya Kikorea au ya Kifaransa, hakikisha ile e ipo.

Kwa filamu za Kiingereza mimi hupenda Rollberg, mtaa wa Neukölln, unapanda treni ya chini ya ardhi ya U8, unashuka kituo cha Boddinstraße. Lakini Juni usikae ndani. Nenda Freiluftkino Kreuzberg, sinema ya nje kwenye uwanja wa Bethanien pale Mariannenplatz. Bethanien ilikuwa hospitali, ilijengwa miaka ya 1840, ikafungwa mwaka 1970, na vijana waliotaka mahali pa kuishi wakaingia mwaka uliofuata wakakalia sehemu yake, kwenye jengo la wauguzi. Mwandishi Theodor Fontane aliwahi kuwa mfamasia humo. Mimi mwenye kazi yangu hii, kukaa chini ya kuta zile nikijua kuna wenzangu walizunguka humo na beseni na taa, kunanigusa kila nikienda. Jua la Juni Berlin linazama kama saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo filamu inaanza karibu saa nne, kiza kikishaingia. Beba blanketi. Mdogo wangu alinicheka kuniona naweka blanketi kwenye begi wakati nje kuna joto la nyuzi 27. Kufika saa tano alikuwa amejifunika mpaka kidevuni.

Tamthilia watu wengi wanaiogopa kwa sababu ya lugha, na hapo ndipo wanapokosea. Maxim Gorki Theater, lililo nyuma ya Neue Wache pale Unter den Linden, linaonyesha michezo yake ya ukumbi mkubwa kwa maandishi ya Kiingereza juu ya jukwaa. Waigizaji wenyewe wanatoka huku na huko, mara wanaingiza Kituruki, mara Kiarabu, mara Kiingereza, na hadithi nyingi ni za watu waliohamia. Sijawahi kutoka mle bila kitu cha kujadili njiani. Usichukue kiti cha safu ya mbele, maana shingo itakuuma kwa kutazama juu na chini. Safu ya nane au ya tisa unaona uso wa mwigizaji na maandishi kwa pamoja. Schaubühne, kule Kurfürstendamm, nao huweka maandishi ya Kiingereza kwa siku walizochagua, zimeandikwa kwenye ratiba. Na kama unataka mchezo wenyewe uwe wa Kiingereza, kuna English Theatre Berlin, Fidicinstraße, Kreuzberg. Upo tangu mwaka 1990, ukumbi mdogo, unamsikia mwigizaji akivuta pumzi.

Hapa niseme kuhusu saa, kwa sababu iliniponyoka jioni nzuri. Kazini mwenzangu aliniambia mchezo fulani unaanza halb acht. Halb ni nusu, acht ni nane, na nane ya saa zao ni saa mbili yetu. Kichwa changu kilichozoea Kiingereza kikaunganisha haraka: saa mbili na nusu usiku. Nikajipanga, nikavaa gauni langu la kijani, nikafika saa mbili na robo nikiwa na dakika kumi na tano za kupumua. Ukumbi wa nje mtupu, milango imefungwa, ndani watu wanapiga makofi. Kwa Wajerumani halb acht ni nusu ya kuielekea nane, yaani saa moja na nusu. Nilirudi nyumbani na tiketi mkononi. Mjerumani akikutajia halb ya kitu chochote, rudisha saa moja nyuma, au muombe akuandikie kwa tarakimu: 19:30.

Vichekesho vya jukwaani kwa Kiingereza vimejaa Neukölln na Kreuzberg, karibu kila siku ya wiki. Comedy Café Berlin ndiyo niliyompeleka mdogo wangu, siku ya Jumatano. Sehemu nyingi za aina hii unaingia bure au kwa hela kidogo, na mwisho kofia inapitishwa. Wachekeshaji ni watu kama sisi, waliofika hapa kutoka pande zote za dunia, na nusu ya mambo wanayosimulia ni yale yanayotupata kila siku: barua za ofisi zisizoeleweka, kutafuta nyumba mwaka mzima, jirani anayegonga ukuta ukifungulia maji saa nne na dakika moja usiku. Ukikaa mbele utaulizwa unatoka wapi. Mdogo wangu aliulizwa, akajibu kwa sauti kavu, Songea, yule kijana akasema sipajui, nielekeze. Akasimama akamwelekeza kweli, kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mpaka mlangoni kwa mama, na watu wakamsikiliza kimya halafu wakampigia makofi.

Jumapili ni ya Mauerpark, na katika siku zote tisa ningeambiwa nichague moja ningechukua hii. Mauer ni ukuta. Bustani yenyewe imekaa pale ulipopita Ukuta wa Berlin kati ya Wedding, upande wa magharibi, na Prenzlauer Berg, upande wa mashariki, kwenye ukanda uliokuwa na walinzi wa mpaka kuanzia mwaka 1961 hadi 1989. Leo kuna soko la mitumba, wapiga ngoma, mabarafu ya kulamba, na kwenye mteremko kuna ngazi za mawe zilizopinda kama nusu bakuli. Mwaka 2009 Mwairishi mmoja, anayejulikana kwa jina la Joe Hatchiban, alifika hapo na spika zake juu ya baiskeli, akaanza karaoke ya wazi. Wanaiita Bearpit Karaoke. Mtangazaji anaongea Kiingereza, waimbaji wanatoka dunia nzima, na zile ngazi zinajaa watu mamia kwa mamia. Huwa ni Jumapili alasiri za msimu wa joto, lakini si kila Jumapili. Tazama kwanza kama wapo.

Tulikaa karibu na mbele, jua linachoma. Akapanda kijana mwembamba mwenye shati la mikono mirefu, amefunga vifungo vyote hadi shingoni. Akataja mji wake wa Poland, sikuushika. Akaanza vizuri, mkono mmoja umekamata kipaza sauti, mwingine umeshika pindo la shati. Ubeti wa pili muziki ukakatika, betri au waya sijui. Akabaki amesimama, mdomo wazi, anamtazama mtangazaji aliyepiga magoti kwenye mashine. Mwanamke mmoja nyuma yetu akaendelea na wimbo, peke yake, taratibu. Akaungana naye mtu mwingine, kisha safu nzima, kisha ngazi zote, na yule kijana akaachia lile pindo la shati akaimba pamoja nao mpaka mwisho bila ala yoyote. Muziki uliporudi wimbo ulikuwa umeisha. Aliposhuka alikuwa analia, na hakuna aliyemcheka. Mdogo wangu aligeuka akaniuliza, hawa wanafahamiana? Hawafahamiani.

Kwa jioni za katikati ya wiki ambazo hutaki kupanga kitu, kuna Späti. Ni kifupi cha Spätkauf, duka dogo linalofungwa usiku mwingi, mara nyingi lina benchi mbili nje. Unanunua kinywaji kwa euro mbili hivi, unakaa, na usiku unakuja wenyewe. Kunywa bia barabarani Berlin si kosa. Wana hata neno la bia ya kutembea nayo, Wegbier. Mdogo wangu hanywi pombe, na wengi mnaonisoma hamnywi, kwa hiyo shikeni hili: bia iliyoandikwa alkoholfrei kisheria inaweza kuwa na kilevi hadi asilimia 0.5. Asiyetaka kabisa atafute iliyoandikwa 0,0%. Au achukue Club-Mate, kinywaji cha majani ya mmea uitwao mate, chenye kafeini, chupa ya nusu lita, vijana wa hapa wanakesha nacho. Mara ya kwanza utaona kama chai iliyosahauliwa na sukari kidogo. Ya tatu utaitafuta.

Tulibeba zetu mpaka May-Ayim-Ufer, Kreuzberg, ukingoni mwa mto Spree. Njia hiyo zamani ilibeba jina la von der Groeben, mtu aliyejenga ngome ya biashara ya watumwa kwenye pwani ya Ghana. Tangu mwaka 2010 inaitwa kwa jina la May Ayim, mshairi Mjerumani mweusi. Mbele yako kuna daraja la Oberbaumbrücke la matofali mekundu, lenye minara miwili, na juu yake treni za manjano za U1 zinapita kila dakika chache. Saa tatu usiku anga lilikuwa bado la waridi. Akaja mama mmoja mzee anavuta kigari cha sokoni, anatazama chupa zetu, hasemi kitu. Mdogo wangu alidhani anaomba hela. Chupa zina dhamana: ya bia ya kioo senti 8, kopo au plastiki ya kutupa senti 25, na kuna wazee wanaoongezea pensheni yao kwa kuzikusanya. Ukimaliza usiitumbukize chupa ndani ya pipa. Isimamishe chini pembeni yake, mkono wa mtu usije ukalazimika kuingia kwenye takataka. Tulimpa zetu mbili na mbili za jirani zetu. Alisema danke, na mdogo wangu naye akapata pa kulitumia neno lake, akamrudishia lilelile.

Sasa klabu, maana najua kuna mnaosubiri hapo tu. Ni haki kuzijua, kwa sababu zina historia ya kweli. Mwaka 1949 Berlin ilikuwa bado na amri ya kufunga baa usiku, na mfanyabiashara wa hoteli Heinz Zellermayer alikwenda kwa kamanda wa Kimarekani, Frank Howley, na chupa ya wiski, akamshawishi aiondoe. Ikaondolewa upande wa magharibi, na mji ukazoea usiku usio na kengele. Ukuta ulipoanguka, upande wa mashariki kulibaki majengo matupu mengi. Mwaka 1991 Tresor ikafunguliwa ndani ya chumba cha kuhifadhia fedha cha lililokuwa duka kubwa la Wertheim, muziki ukatoka Detroit, Marekani. Tangu 2007 Tresor ipo kwenye kiwanda cha zamani cha umeme na joto, Köpenicker Straße. Berghain nayo, tangu 2004, imo ndani ya kiwanda cha namna hiyo karibu na stesheni ya Ostbahnhof, na inaanza Jumamosi usiku isitulie mpaka Jumatatu asubuhi. Mwaka 2024 tekno ya Berlin iliingizwa kwenye orodha ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mlangoni kamera ya simu yako inabandikwa kibandiko. Mimi naipenda sana hiyo sheria. Watu wanacheza kwa sababu hakuna anayewapiga picha.

Watu wanafika kuanzia saa saba usiku na kuendelea, na wajuzi wanakwenda Jumapili mchana, foleni ikipungua. Nenda na mtu mmoja, si kundi la watu wanane. Ongea kwa sauti ya chini kwenye foleni, ujue nani anapiga muziki usiku huo, na uwe na noti mfukoni, sehemu nyingi za usiku hazijazoea kadi.

Na mlango unaweza kukukataa. Nitasema lililotupata. Ijumaa ile tulisimama foleni ya klabu moja, jina silitaji, dakika hamsini. Wawili waliokuwa mbele yetu, walevi kidogo, wakaingia. Tukafika sisi, mlinzi akatutazama kuanzia viatu mpaka nywele, akasema heute nicht, leo hapana. Wawili waliokuwa nyuma yetu wakaingia. Hakutuuliza neno. Inawezekana ana sababu zake, milango ya hapa inakataa watu wa kila rangi kila usiku, lakini mimi nimekaa hapa miaka sita na nazifahamu aina mbili za kutazamwa. Mdogo wangu hakusema kitu mpaka tulipofika kona, kisha akaniuliza kama ni viatu. Hilo ndilo liliniuma, kwamba alianza kujikagua yeye. Kwa hiyo ujue haki yako kabla hujafika mlangoni: kuna sheria ya usawa ya mwaka 2006, kwa kifupi AGG, inayokataza mtu kunyimwa huduma kwa sababu ya asili yake, na mlango wa klabu umo. Ukiona umefanyiwa hivyo, andika palepale tarehe, saa, maneno uliyoambiwa, na omba namba ya aliyeshuhudia. Una miezi miwili tu ya kudai. Ofisi ya serikali kuu ya kupinga ubaguzi, Antidiskriminierungsstelle, inatoa ushauri bila malipo.

Usiku ule hatukurudi nyumbani. Nilimshika mkono tukaenda YAAM, karibu na Ostbahnhof, mchanga umemwagwa ukingoni mwa Spree, taa za rangi, harufu ya samaki wa kukaanga. YAAM ipo tangu mwaka 1994, imehamahama mara kadhaa, na ndiyo sehemu ya usiku Berlin ambapo mimi sijawahi kujiona mgeni. Rege, dansihoo, afrobiti. Watu wanakuja na watoto mchana na wanabaki wakubwa usiku. Kama saa nane usiku DJ akaingiza Bongo Fleva, mdogo wangu akapiga ukelele, na kutoka upande wa jikoni ukelele mwingine ukamjibu. Alikuwa kijana wa Tanga. Tulikula, tukacheza, na saa kumi na nusu alfajiri, jua likianza kutoka, viatu vyake alikuwa amevivua mwenyewe, amevishika mkononi, havimsumbui tena.

Kwa wanaopenda kucheza dansi la kushikana, nendeni Clärchens Ballhaus, Auguststraße, Mitte. Ni ukumbi wa mwaka 1913, na ghorofani kuna Spiegelsaal, chumba cha vioo vilivyopasuka ambavyo havikubadilishwa. Tazama ratiba, kuna siku za swing na siku za tango. Bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka 94, aliwahi kuniambia alikuwa akicheza pale baada ya vita. Wanaume walikuwa wachache, akasema, wanawake tulishikana wenyewe kwa wenyewe, aliye mrefu ndiye alikuwa mwanamume. Nilipomwonyesha picha ya mdogo wangu amesimama mbele ya kile kioo, aliweka kidole juu ya ufa, akaufuata mpaka chini, akaniuliza kama sakafu bado inalia upande wa dirishani.

Kuhusu kurudi nyumbani, mambo ni machache ila yana gharama. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi treni za chini ya ardhi zinatembea mpaka asubuhi. Siku nyingine zinalala kama saa saba usiku, na mabasi ya usiku, yenye herufi N mbele ya namba, yanafuata njia zilezile juu ya ardhi. N8 inafuata U8, N2 inafuata U2, huwezi kupotea. Vituoni hakuna mageti, na hapo ndipo wageni wanapoumia. Tiketi ya karatasi lazima uigonge mhuri kwenye kisanduku kabla ya kupanda, vinginevyo ni sawa na kutokuwa nayo. Wakaguzi wanavaa nguo za kawaida kama abiria, na faini ni euro 60 kwa anayejua lugha na asiyejua. Baa ukilipa utaulizwa zusammen oder getrennt, pamoja au kila mtu yake. Bakshishi hawaachi mezani. Unataja kabisa kiasi unacholipa, mfano bili ni euro 13 na senti 40, unasema 15, au unampa noti unamwambia stimmt so, chenji baki nayo. Mkigonganisha glasi, mtazame mwenzako machoni. Wanalichukulia kwa uzito, nami nimelizoea hata kwa vikombe vya chai kazini.

Jioni ya mwisho nilikuwa nimepanga jazi. A-Trane, Charlottenburg, ni chumba kidogo cha tangu 1992, mpiga saksafoni anakuwa umbali wa mkono. Mdogo wangu akasema jazi itasubiri, kuna mahali ameona kwenye ramani na hawezi kuondoka bila kupafika. Tukapanda U6 mpaka Afrikanische Straße, Wedding. Mtaa ule Wajerumani waliupa majina ya makoloni ya Afrika: Togostraße, Kameruner Straße, Ugandastraße, Sansibarstraße. Unatembea kwenye miti ya ulaya, baiskeli zimefungwa kwenye vyuma, na kibao kinakuambia Zanzibar. Kulikuwa pia na Petersallee, ya Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1986, badala ya kuling'oa jina, mamlaka yalisema tu kwamba kuanzia sasa Peters anayetajwa ni mwingine, mwanasheria Hans Peters. Kibao kilekile kikabaki. Ilichukua miaka mingine mingi ya watu kuandamana na kushitakiana mpaka njia ikagawanywa vipande viwili. Kimoja kinaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959. Kingine kinaitwa Maji-Maji-Allee.

Tulifika saa tatu kasorobo, kuna mwanga bado. Mtu anamwagilia maua kwenye roshani, watoto wawili wanafukuzana na skuta. Mdogo wangu alisimama chini ya kibao akakisoma kwa sauti, polepole, na kwa mara ya kwanza katika siku tisa hakuhitaji nimtafsirie neno la Berlin. Akapiga picha akamtumia mama, Songea, ambako kila tarehe 27 Februari wanakumbukwa wapiganaji wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Huko ilikuwa inakaribia saa nne usiku, tukadhani amelala. Kabla hatujafika kituoni sauti yake ikaingia. Alikuwa ameshaiangalia picha, unasikia kabisa ameisogeza simu karibu na macho. Akauliza, hiki kibao wamekiweka Wajerumani wenyewe? Nikamjibu ndiyo mama, wenyewe, tarehe 23 Agosti 2024. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mrudi mkapige nyingine, muwemo na nyie.

Tukarudi.